Kava limetoka na mstari mweupe pembeni: blidi inawekwaje

Mdogo wetu mmoja wa Nachingwea kaniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimedizaini kijarida cha chama chetu cha msingi cha korosho, saizi A5, kurasa 32 pamoja na kava, nikatuma Dar kuprinti. Mzigo umerudi kava lina mstari mweupe mwembamba, chini ya milimita, upande wa kulia, sio zote, nyingine ziko poa kabisa. Wakaniambia faili langu halina blidi. Nikaingia Photoshop nikalivuta kava lote likawa kubwa, wakanitolea sampo mpya, safari hii mstari mweupe haupo ila jina la chama limeliwa na ile fremu niliyoizungushia imekaa upande. PDF yake nimekutumia. Sasa hii blidi ni milimita ngapi na naiweka wapi? Na kwa nini mashine isiprinti tu mpaka mwisho wa karatasi yakaisha?"

Marahaba mdogo wangu. Blidi ni ile rangi au picha ya ziada inayovuka mstari wa kukatia, ili kisu kikisogea pasibaki weupe. Nianze na hilo swali lako la mwisho maana ndo limebeba mengine yote. Mashine nyingi haziprinti mpaka mwisho wa karatasi. Ofseti, ile mashine ya presi ya kuprinti nakala nyingi, inaishika karatasi kwa meno upande mmoja ili iivute ndani, na pale iliposhikwa wino haufiki, zile za dijitali nazo zinaacha milimita kadhaa nyeupe kuzunguka karatasi yote. Kwa hiyo kitu chochote unachokiona kimejaa rangi mpaka ukingoni, iwe kava la kitabu, kalenda ya ukutani au kadi ya biashara, ujue kiliprintiwa kwenye karatasi kubwa kuliko hicho kitu alafu kikakatwa. Ndo maana kuna karatasi inaitwa SRA3, milimita 320 kwa 450, wakati A3 ya kawaida ni 297 kwa 420. Ile ziada haikuwekwa kwa urembo, imewekwa ili kazi ya A3 au A4 mbili zikae na nyama ya kukatwa pembeni.

Sasa twende kwenye kisu, maana huko ndo mstari wako mweupe ulikozaliwa. Kama hujawahi kusimama karibu na mashine ya kukatia, siku ukipita presi yoyote, yaani kiwanda cha kuprinti, waombe ukae nusu saa uangalie, utajifunza zaidi kuliko video kumi. Karatasi zinapangwa rundo, zinagongwagongwa zikae sawa, zinasukumwa mpaka zigote kwenye kizuizi cha nyuma, kibano kinashuka kinazikandamiza, kisu kinafuata. Kwa macho utaona zimekatwa sawasawa. Chukua ya juu kabisa na ya chini kabisa uzilaze pamoja kwenye mwanga, utakuta hazifanani, kwa sababu kisu kikizama kwenye rundo nene kinasukuma kidogo, karatasi zinateleza kidogo. Na kabla hata ya kisu, kila karatasi ilivyoingia kwenye mashine ya kuprinti ilikaa tofauti kiduchu na mwenzake, na picha ya mbele na ya nyuma zinaweza zisilingane moja kwa moja. Huku kwetu pwani ongeza na unyevu, karatasi inavuta unyevu wa hewa inatanuka na kujikunja, rimu ikifunguliwa ikaachwa wazi msimu wa mvua inakuwa na tabia zake yenyewe. Ukijumlisha vyote hivyo unapata nusu milimita, milimita moja, na siku mbaya zaidi ya hapo. Ndo jibu la kwa nini kava zako nyingine ziko poa na nyingine zina mstari, zote zilikuwa na kasoro ile ile kwenye faili ila kisu kiliziangukia tofauti.

Kwa hiyo acha kabisa kudizaini ukifikiri kisu kitapita juu ya mstari wa ukurasa wako. Kitapita jirani na mstari, mara ndani kidogo mara nje kidogo. Kila kitu ulichokiweka karibu na ukingo kichague upande: ama kivuke mstari kiende nje kabisa, ama kirudi ndani kikae mbali. Hakuna kitu kinachoishia pale pale kwenye mstari. Ukilishika hili moja, hizo namba nitakazokupa hata ukizisahau utazitafuta tena, ila bila hili utaweka namba sahihi na bado utaharibu.

Namba zenyewe ni hizi. Mstari wa kukatia ndo saizi halisi ya kazi, kwako A5 yaani 148 kwa 210. Nje yake ongeza milimita 3 kila upande, hiyo ndo blidi, kwa hiyo rangi na picha ziende mpaka 154 kwa 216. Watu wengi hapa wanakosea wanaongeza 3 kwenye upana wote, wanapata 151, kumbe ni 3 kushoto na 3 kulia, jumla 6. Ndani ya mstari wa kukatia acha angalau milimita 5 bila maandishi, bila logo, bila namba ya ukurasa, bila sura ya mtu. Mimi kwa kazi ya kitabu napenda 10 kabisa, maandishi yakipumua hata msomaji anashika kitabu bila kidole kufunika maneno. Kwa A4 itakuwa 216 kwa 303. Kadi ya biashara ya 85 kwa 55 inakuwa 91 kwa 61. Presi nyingine wanataka blidi ya 5, hasa kwa vitabu vya kava gumu inazidi hata hapo, kwa hiyo kabla hujaanza kudizaini piga simu uulize, dakika mbili tu, na uulize pia wanataka alama za kukatia au hawataki.

Sasa kwa nini kulivuta kava kumekuharibia. Wewe ulikuwa na kava la 148 ukalivuta likawa 154, yaani limeongezeka asilimia 4 na ushee. Tatizo ni kwamba haujavuta picha ya nyuma peke yake, umevuta kila kitu, pamoja na jina la chama. Tuseme jina lilikuwa limeishia milimita 5 kutoka ukingoni, maana yake kutoka katikati ya ukurasa ni milimita 69. Zidisha kwa hiyo asilimia, 69 inakuwa karibu 71.8. Mstari wa kukatia bado uko pale pale kwenye 74. Kwa hiyo jina limebakiwa na milimita 2.2 tu, na kama mwanzo lilikuwa kwenye 3 basi sasa liko chini ya 0.2, hapo kisu kikisogea kiduchu tu kimeondoka na herufi. Tena 148 kwenda 154 na 210 kwenda 216 sio asilimia moja, upana unaongezeka zaidi kuliko urefu, kwa hiyo na logo ya chama imenenepa, angalia vizuri utaiona duara limekuwa yai. Blidi inawekwa kwa kinachofika ukingoni tu. Maandishi na logo haviguswi.

Na ile fremu. Wewe umeweka fremu nyembamba ya dhahabu milimita 2 kutoka ukingoni pande zote nne, ulivyolivuta kava nayo ikasogea mpaka kwenye kisu, ndo maana upande mmoja imebaki nene na mwingine imekonda. Fikiria doti ya kanga, zile mbili zinakuja zimeungana na zinatenganishwa kwa mkasi, mkasi ukienda pembeni kidogo pindo la huku linakuwa jembamba na la kule pana, na jicho linaona hapo hapo hata ukiwa mbali. Fremu ya kwenye kava ni hivyo hivyo. Tofauti ya milimita moja kwenye picha ya shamba la mikorosho hakuna atakayeiona mpaka anakufa, tofauti hiyo hiyo kwenye fremu iliyo milimita 2 kutoka ukingoni mtu anaiona akiwa mlangoni. Ushauri wangu ni uitoe. Kama viongozi wa chama wameipenda na hawakubali itoke, irudishe ndani milimita 8 au 10, hapo kisu kikisogea macho hayashtuki.

Tuje kwenye kompyuta yenyewe. Kama unatumia InDesign, blidi unaiweka mwanzo kabisa wakati wa kufungua dokumenti, pale pa kushuka chini panapoandikwa "Bleed and Slug", weka 3 mm kote. Ikiwa dokumenti ulishaifungua usianze upya, nenda "Document Setup" uiongeze, itatokea mistari myekundu nje ya ukurasa. Sasa hapa wengi ndo wanapofeli: kuongeza mstari mwekundu hakujaongeza picha. Lazima ukamate kila boksi la rangi na kila picha inayogusa ukingo uivute mpaka ifike kwenye mwekundu, ukurasa kwa ukurasa, kwa mkono wako. Ukivuta fremu ya picha na picha ndani yake imeishia pale pale, basi unaikuza picha peke yake kidogo mpaka ijae. Illustrator ni vile vile, ila huko angalia sana zile maski, yaani maumbo yanayoficha sehemu ya picha, mtu anaweka picha kubwa nzuri alafu anaikata kwa maski iliyolingana na ukurasa, picha ipo ila blidi haipo.

Photoshop haina sehemu ya kuweka blidi wakati wa kufungua dokumenti, kwa hiyo unafungua kanvasi kubwa kabisa tangu mwanzo. Kwa A5 yako ni 154 kwa 216 mm kwa rezolusheni 300 (piseli 300 kwa inchi), ambayo ni piseli 1819 kwa 2551. Alafu unaweka mistari ya kuongozea ("guides") milimita 3 ndani kila upande ujue kisu kitapita wapi, na nyingine milimita 8 ndani ndo mwisho wa maandishi. Ila niseme ukweli, kijarida chenye maandishi mengi usikifanye Photoshop, maandishi yakigeuzwa piseli yanatoka na ukungu, Photoshop itumie kwa picha za kava alafu ukazipange InDesign au hata Canva.

Canva watu wanaidharau bure. Ingia "File", "Settings", washa "Show print bleed", utaona mstari wa vidoti kuzunguka ukurasa, vuta picha zipite nje ya huo mstari. Wakati wa kudaunlodi chagua "PDF Print" na utiki "Crop marks and bleed". Usipotiki hapo yote uliyofanya yanakatwa na faili linatoka A5 kavu. Wa CorelDRAW nao, ukienda kutoa PDF kuna kichupo cha "Prepress", humo mna "Bleed limit", itiki uandike 3. Na wa Word, najua mpo wengi kwenye stationari za Masasi na Newala mnafanya kazi zote humo, nyie badilisheni saizi ya karatasi iwe 154 kwa 216, pangeni vitu kama mko Photoshop, alafu mwambieni mtu wa presi kwa maneno kabisa kwamba faili lina blidi ya 3 kila upande na hakuna alama za kukatia. Ataelewa.

Kwa kuwa wewe una picha na kava lako tayari, nikuambie namna ya kuliokoa. Ile rangi ya kijani ya chini ni boksi tu, livute basi. Picha ya korosho zimeanikwa kwenye turubai, tafuta ile halisi ya kutoka kwenye simu, naamini ni pana kuliko ulivyoikata, irudishe ikiwa nzima ujaze mpaka nje. Ikiwa huna ya halisi, ikuze picha peke yake asilimia 5 hivi bila kuivuta upande mmoja, utapoteza korosho mbili tatu pembeni, hakuna atakayelalamika. Ikiwa mtu kasimama ukingoni kabisa kwenye picha na ukikuza anakatwa uso, hapo geuza kipande cha pembeni kama kwenye kioo ukiunge, milimita 3 za majani au ukuta uliogeuzwa hazijulikani, tena zinaenda kukatwa. Ila usigeuze pale penye mkono wa mtu, kisu kikisogea nje mwenyekiti ataonekana na vidole kumi upande mmoja.

Kurasa za ndani nazo nimeziangalia kwenye PDF uliyotuma. Kijarida chako ni cha pini katikati, kwa hiyo toa ukurasa mmoja mmoja kwa mpangilio wa kusoma, wa 1, wa 2, wa 3, usijaribu kupanga 32 na 1 mwenyewe, hiyo kazi ina programu yake presi. Kurasa 32 ni sawa kwa sababu inagawanyika kwa 4, ungekuwa na 30 ungebakiwa na mbili tupu. Kitu usichokijua ni hiki: karatasi zikikunjwa zikaingizwa moja ndani ya nyingine, zile za katikati zinachomoza nje kuliko za juu, alafu kisu kinazisawazisha zote kwa pamoja. Maana yake ukurasa wa 16 na 17 unakatwa zaidi kuliko wa 2. Kwa karatasi nyembamba tofauti ni chini ya milimita moja, kwa karatasi nene inapita hapo. Namba zako za kurasa umeziweka milimita 4 kutoka pembeni, huku mwanzoni zitaonekana sawa, ukifika katikati zitakuwa zimening'inia ukingoni. Zirudishe mpaka 10, au ziweke chini katikati ya ukurasa, hapo hazina shida na mtu.

Ukimaliza kutoa PDF usiitume kwanza. InDesign kwenye kutoa kuna "Marks and Bleeds", tiki "Use Document Bleed Settings", hapo ndo watu wanaweka blidi nzuri mwezi mzima alafu wanasahau tiki moja. Fungua PDF yenyewe kwenye Acrobat Reader, angalia saizi ya ukurasa kwenye "Properties". Ikisoma 148 kwa 210, blidi haikutoka, hata kama kwenye kompyuta yako uliiona. Ikisoma 154 kwa 216 iko sawa, na kama uliweka alama za kukatia itasoma kubwa zaidi. Mimi huwa naprinti na moja hapa hapa kwa printa ndogo kwenye A4, kwa asilimia 100 bila ile ya "Fit" inayobana ukurasa uenee, nachukua rula na wembe nakata kwa makusudi milimita moja ndani ya mstari, nyingine nakata milimita moja nje. Zote mbili zikipendeza, faili liende. Kutoka kwenu mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 400, mzigo ukirudi umeharibika nauli ya basi ni yako na msimu wa minada haukusubiri.

Na kitu kingine kuhusu bei, maana mteja atakuuliza. A5 mbili zisizo na blidi zinaingia kwenye A4 moja, 148 mara mbili ni 296 na A4 ina 297. Zikiwa na blidi, 154 mara mbili ni 308, haziingii, inabidi karatasi kubwa. Kwa hiyo ukipeleka kazi stationari ya mtaani yenye printa ya A4 tu, iwe Lindi mjini au Mtwara, na unataka A5 mbili kwa kila karatasi, blidi haitakusaidia, printa itaacha weupe pembeni. Hapo dizaini tangu mwanzo ukiwa na ukingo mweupe wa milimita 8 kuzunguka, uonekane umekusudiwa, na kazi inatoka safi kwa bei ndogo. Mimi kwa vipeperushi vya semina za wakulima nawashauri hivyo mara nyingi, hela inayobaki waongeze nakala.

Mabenna usichanganye na haya. Benna la kutundika uwanjani lina pindo linalokunjwa nyuma na matundu ya kamba, waulize wanakunja sentimita ngapi, na maandishi yaweke mbali na ukingo, sentimita 10 hivi, la sivyo tundu linapita kwenye jina la mgeni rasmi.

Sasa zile nakala za kwanza zenye mstari mweupe usizitupe. Wewe ulisema mstari ni mwembamba, chini ya milimita, na maandishi kwenye ule mzigo hayakuguswa. Tafuta presi yenye mashine ya kukatia, wakate tena milimita 2 upande wa kulia, na 2 juu na 2 chini ili kijarida kisionekane kimekonda, upande wa pini usiguswe. Kitabaki 146 kwa 206, mtu hatajua kilikuwa A5. Ila pima kwanza zile namba za kurasa za katikati, kama kutoka kwenye namba mpaka ukingoni zimebaki milimita 3 au zaidi kata kote, kama ziko chini ya hapo punguza upande wa kulia uwe milimita 1 tu, itatosha kuondoa weupe. Ile fremu ya dhahabu, pande zilizokatwa, itabaki milimita moja kutoka ukingoni au itagusa ukingo wenyewe, wape viongozi waione moja iliyokatwa kabla hujakata zilizobaki.